Wiki za Mwanzo za Kidato cha Kwanza na Kazi ya Mnasihi wa Shule

Kila mwaka ifikapo Januari, vituo vya mabasi vya Tanzania hujaa watoto wa miaka 13 na 14 wenye masanduku ya bati, ndoo, na magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba. Wengine hawasafiri; huenda kwa miguu hadi shule ya sekondari ya kata, wamevaa sare mpya iliyoshonwa kwa kuzidisha kipimo kusudi ifae hata mwakani. Wa bweni na wa kutwa wamefanana katika jambo moja. Miezi michache iliyopita walikuwa Darasa la Saba, yaani wakubwa wa shule: ndio waliopiga kengele, waliosimamia usafi, na waliojulikana na walimu wote kwa majina yao na ya baba zao. Sasa ni wadogo kuliko wote, hawajui choo kiko upande gani, na mwalimu anafundisha kwa lugha ambayo nyumbani haisemwi.

Makala haya yanaeleza yanayotokea katika akili na mwili wa mwanafunzi katika wiki hizo, na sababu za mnasihi wa shule kuhitajiwa zaidi mwezi Februari kuliko Oktoba, wakati mitihani inapokaribia na kila mtu anapokumbuka kwamba shule ina mnasihi.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanafunzi aliyepata alama 18 kwa 100 katika jaribio lake la kwanza la Fizikia aweza kujieleza kwa njia mbili. Aweza kusema, "Somo ni jipya na lugha ni ngeni, nitazoea." Aweza pia kusema, "Mimi sina kichwa cha sayansi." Alama ni zile zile, lakini wa kwanza atafungua daftari jioni, na wa pili atalifunga. Kwa miaka mingi wanafunzi wengi wameacha Fizikia na Kemia mara walipofika Kidato cha Tatu. Karatasi ya uchaguzi hujazwa wakati huo. Uamuzi wenyewe, aghalabu, ulikwisha kupita moyoni miaka miwili nyuma, kimya kimya, wala hakuna mtu mzima aliyeulizwa.

Unasihi na asili yake

Ushauri ni kumpa mtu maelezo au mwelekeo ili aweze kuchagua. Unasihi ni mazungumzo ya siri baina ya mtu mwenye tatizo na mtu aliyefunzwa kusikiliza, ili mwenye tatizo aone njia kwa macho yake mwenyewe. Mambo haya mawili huendeshwa pamoja shuleni, na mwalimu anayeyasimamia huitwa mnasihi. Nchini Kenya huitwa zaidi mshauri nasaha.

Katika Marekani, Jesse Davis aliyeongoza shule ya sekondari huko Grand Rapids aliingiza ushauri katika ratiba ya masomo mwaka 1907, na mwaka 1908 Frank Parsons alifungua ofisi mjini Boston ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Kenya iliunda kitengo cha huduma hiyo katika Wizara ya Elimu mwaka 1971. Tanzania ilianza rasmi mwaka 1984. Waraka wa Elimu Namba 11 wa mwaka 2002 ulielekeza huduma itolewe shuleni, na mwaka 2020 ulitoka mwongozo wa ushauri, unasihi na ulinzi wa mtoto kwa shule na vyuo vya ualimu.

Hata hivyo si haki kudhani kwamba wazo lilikuja na meli. Pwani, msichana anayevunja ungo hupewa somo wake, na wavulana wa jando huwa na nyakanga. Hao si wazazi. Wazee walikwisha kutambua kwamba mtoto anayevuka kutoka hali moja kwenda nyingine huhitaji mtu mzima wa kumwuliza yale asiyoweza kumwuliza mama yake. Shule iliweka kivuko kingine, ikachelewa kuweka mtu wa kuvusha.

Akili iliyobeba mizigo miwili

Msomaji na ajaribu jambo dogo. Amwombe mwenzake amsomee polepole tarakimu hizi: 5, 9, 2, 7, 4, 1, 8. Kisha azirudie kwa mpangilio huo huo. Wengi wataweza. Sasa asomewe nyingine: 3, 8, 6, 1, 9, 4, 7, na safari hii azirudie kinyumenyume, kuanzia ya mwisho. Wengi watakwama njiani, ingawa idadi ni ile ile.

Sababu ni kwamba kumbukumbu ya muda mfupi, ile inayoshika mambo wakati akili inapoyafanyia kazi, ina nafasi ndogo mno. George Miller alikadiria mwaka 1956 kwamba hushika vitu kama 7. Nelson Cowan, alipoupitia upya ushahidi mwaka 2001, alikadiria kama 4 tu pale mtu anapozuiwa kutumia mbinu za kuviunganisha. Kurudia tu ni mzigo mmoja. Kurudia kinyume ni mizigo miwili: kushika na kugeuza kwa wakati mmoja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyesoma shule ya msingi ya serikali hubeba mizigo miwili kutwa nzima. Mwalimu wa Fizikia akitoa hesabu ya mwendo kwa Kiingereza, mtoto hana budi kwanza kuyashika maneno, kuyageuza Kiswahili, kutafuta ni lipi linaloulizwa, ndipo agawanye umbali kwa muda. Mara nyingi akifika kwenye kugawanya, tarakimu zimekwisha kumponyoka. Mwalimu huona mtoto asiyejua kugawanya. Mtoto naye huona hivyo hivyo, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa wote wawili wamekosea. Swali hilo hilo lingeulizwa kwa Kiswahili mwezi Septemba uliopita, angelijibu kabla mwalimu hajamaliza kuandika ubaoni.

Inafaa izingatiwe kwamba ujuzi haukupotea. Mtoto huyo alijifunza usanisinuru, msuguano, mzunguko wa umeme na mmeng'enyo wa chakula. Kitu anakijua; ni jina lililobadilishwa. Mnasihi anayemweleza jambo hili kwa mfano wa tarakimu uliotolewa hapo juu atakuwa amempa sababu ya kweli ya kushindwa kwake, sababu inayopungua nguvu kila wiki kadiri maneno yanavyozoeleka. Na mwalimu wa somo anaweza kuupunguza mzigo bila gharama: aandike maneno kumi ya mada pembeni mwa ubao kabla ya kuanza, yakiwa na maana zake kwa Kiswahili, na aache swali liulizwe kwa Kiswahili pale linapokwama. John Sweller, aliyeandika kuhusu mzigo wa akili mwaka 1988, alionyesha kwamba anayeanza somo hujifunza vizuri zaidi kwa kuifuatilia mifano iliyokwisha kufanywa hatua kwa hatua kuliko kwa kutupiwa maswali mengi ayavunje peke yake. Kwa mgeni wa lugha na wa somo kwa pamoja, mifano hiyo ina faida maradufu.

Hofu, usingizi na usahaulifu

Mwili haupambanui sana kati ya chui na mwalimu mkali. Katika hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, moyo hupiga mbio, na damu huelekezwa kwenye misuli. Hofu kidogo humwamsha mtu. Ikizidi, huharibu kazi ngumu kabla ya kazi rahisi. Robert Yerkes na John Dodson waliliona hilo mwaka 1908 kwa panya waliofunzwa kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi kwa kuchapwa na umeme: chaguo lilipokuwa rahisi, umeme mkali uliwafunza upesi, lilipokuwa gumu, umeme wa wastani ulifaa kuliko ule mkali. Mtoto si panya, na wataalamu wa baadaye wameonya dhidi ya kuifanya kanuni hiyo kuwa ya kila kitu. Lakini mwalimu anayeshangaa kwa nini darasa linalotetemeka hukariri vizuri na kushindwa mafumbo ya hesabu ana pa kuanzia kufikiri.

Kuhusu usingizi, maneno machache yatatosha. Jopo la madaktari wa usingizi wa Marekani lilipendekeza mwaka 2016 saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Katika umri huo ubongo huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoashiria usiku, hivyo kijana hasinzii mapema hata akiamriwa. Bweni linalozima taa saa 5 usiku na kupiga kengele saa 11 alfajiri huwapa watoto saa 6. Mnasihi anayeletewa orodha ya "wavivu wanaosinzia darasani" na aanze kwa kuiangalia ratiba ya bweni.

Usahaulifu nao humtisha mgeni. Alisoma jana, leo hakumbuki, akadhani ana kasoro. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio yeye mwenyewe kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Alijikaririsha silabi zisizo na maana. (Mswahili angepata taabu kuzitunga, maana pa, la, na, wa, zote zina kazi zake.) Kisha akapima ni juhudi kiasi gani aliyookoa alipojifunza tena orodha ile ile. Baada ya saa moja aliokoa kama asilimia 44. Baada ya siku moja, theluthi. Baada ya mwezi, kama sehemu moja ya tano. Watafiti wa Uholanzi waliyarudia majaribio hayo mwaka 2015 wakapata mchoro unaofanana. Kwa hiyo kusahau ni kawaida ya ubongo mzima. Ebbinghaus aligundua pia kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku 3 yalimfaa sawa na marudio 68 ya siku moja. Mwanafunzi anayesoma ukurasa mmoja Jumatatu, akaurudia Jumanne na tena Ijumaa, hupata zaidi kwa muda mfupi kuliko yule anayekesha Alhamisi.

Ugeni na njia ya kuupima

Yaliyotangulia yahusu kichwa. Lakini mwanafunzi mgeni hujiuliza swali jingine ambalo halimo katika mtihani wowote: "Je, hapa ni pangu?" Swali hilo hujibiwa kwa vitu vidogo. Hakuna aliyemwachia nafasi kwenye benchi. Wenzake wamecheka matamshi yake. Yeye ana kandambili na jirani ana viatu vya ngozi. Anayejiuliza hivyo hukusanya ushahidi kila siku, na kila alama mbaya huingia katika mizani hiyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Geoffrey Borman na wenzake katika jimbo la Wisconsin, Marekani, wafaa kuangaliwa kwa makini kwa sababu ya wepesi wake. Wanafunzi 1,304 waliokuwa wakianza darasa la sita katika shule 11 za kati waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa mazoezi mafupi mawili, kila moja la robo saa hivi. Walisoma maelezo ya waliowatangulia, waliosimulia kwamba mwanzoni waliogopa kushindwa na kukosa marafiki, kwamba wengi waliogopa hivyo, na jinsi mambo yalivyotengenea. Kisha wakaandika wao wenyewe. Wenzao waliandika juu ya mambo mengine. Mwisho wa mwaka, kundi la kwanza lilikuwa na utoro pungufu kwa asilimia 12, makosa ya nidhamu pungufu kwa asilimia 34, na alama za kufeli pungufu kwa asilimia 18.

Maelezo hayo hayakuwafundisha hesabu. Yaliwabadilishia maana ya taabu: kutoka "mimi tu" hadi "wote, na kwa muda".

Dawa nyepesi namna hii huvutia watu kuitumia ovyo. Mwaka 2023 Gregory Walton na wenzake walitoa matokeo ya jaribio kubwa la wanafunzi 26,911 wa mwaka wa kwanza katika vyuo 22 vya Marekani. Zoezi la aina hiyo liliwasaidia zaidi wale ambao vikundi vyao kwa kawaida huishia njiani, lakini pale tu chuo chenyewe kilipowapa nafasi ya kweli ya kujiona wenyeji. Palipokosekana nafasi hiyo, maneno mazuri hayakuzaa kitu. Shule inayomsomea mgeni barua za kumtia moyo asubuhi na kumwacha anyang'anywe sabuni na sukari bwenini usiku inamfundisha tu kwamba wakubwa husema uongo.

Karibu na nyumbani kuna mfano wa Kenya. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya mafunzo yaliyoitwa Shamiri. Wanafunzi 413 wenye dalili za huzuni au wasiwasi mkubwa, kutoka shule 4 za sekondari za Nairobi na Kiambu, walikutana katika vikundi vidogo mara 4, mara moja kwa wiki. Wengine walizungumzia uwezo wa mtu kukua, shukrani, na mambo wanayoyathamini. Wengine walifundishwa mbinu za kusoma. Makundi yote yalipata nafuu, ila la kwanza lilizidi, na tofauti ilionekana hata baada ya miezi 7. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari bali vijana waliomaliza sekondari karibuni, wakafunzwa kwa muda mfupi. Kwa shule yenye mnasihi mmoja na wanafunzi mia nane, habari hiyo si ndogo.

Sikio na fimbo

Shuleni, aghalabu mnasihi ni mwalimu wa darasani aliyeongezewa kazi. Ana vipindi vyake, ana madaftari ya kusahihisha, na pengine ndiye pia mwalimu wa nidhamu. Hapo pana mgongano usiofichika: mtoto aliyechapwa na mtu asubuhi hawezi kumfungulia moyo mtu huyo huyo mchana. Mkuu wa shule asiyeweza kuongeza watu anaweza angalau kuzitenganisha kazi hizo mbili, akahakikisha wapo wanasihi wa kike na wa kiume, na akatenga chumba ambacho kuingia kwake si tangazo kwa shule nzima.

Siri ndiyo mtaji wa kazi hii. Habari ya mtoto ikisikika mara moja chumba cha walimu, mnasihi atakaa peke yake hadi mwisho wa mwaka. Hata hivyo siri ina mipaka, na ni uungwana kuitaja mwanzoni: mtoto anayetaka kujidhuru, au anayedhuriwa na mtu mwingine, hawezi kuachwa kwa kisingizio cha siri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Simu namba 116, isiyolipiwa, hupokea taarifa hizo.

Mnasihi apambanueje basi ugeni wa kawaida na tatizo kubwa? Machozi ya wiki ya kwanza, kukosa hamu ya chakula cha shule, kuhesabu siku za likizo: hayo kwa wengi hupungua kadiri wiki zinavyopita. Ya kutia shaka ni yale yanayozidi badala ya kupungua, kwa mfano mtoto anayejitenga zaidi kila wiki, anayeacha kuoga, asiyelala, anayesema hana haja ya kuishi. La namna hiyo halingoji mwisho wa muhula; apelekwe kituo cha afya, na mzazi aitwe. Liko pia kundi linalosahaulika, la mtoto wa kutwa anayeanza kuchelewa. Kabla ya adhabu yafaa aulizwe anatoka wapi, amekula nini, na nani anamlea. Na tangu Novemba 2021, wasichana waliokatiza masomo kwa kujifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni. Kwao Januari ni ugeni wa mara ya pili, mbele ya macho yanayotazama.

Kazi ya kuwashauri wanafunzi juu ya tahasusi za Kidato cha Tano, ambazo mwaka 2024 ziliongezwa kutoka 16 hadi 65, ni pana nayo ingefaa makala yake yenyewe.

Zoezi la darasani

Zoezi hili lahitaji karatasi tu. Katika wiki ya kwanza ya muhula, mnasihi awaombe wanafunzi wa Kidato cha Pili wajibu maswali matatu bila kuandika majina: Mwaka jana wiki kama hii ulikuwa unaogopa nini? Ulifanya nini, au nani alikusaidia? Sasa hali ikoje? Achague karatasi kumi au kumi na mbili. Asichague zile tamu tu. Mwanafunzi mgeni hunusa uongo upesi. Zinazofaa ni zile zinazotaja taabu kwa jina lake na hatua iliyochukuliwa, hata kama taabu haijaisha yote.

Wiki ya pili zisomwe mbele ya Kidato cha Kwanza, kwa Kiswahili. Kisha kila mmoja aandike barua ya ukurasa mmoja kwa mtoto asiyemjua atakayeingia shuleni hapo Januari ijayo, amweleze mwanzo wake ulivyo na anavyotarajia utakavyobadilika. Barua zifungwe katika bahasha na kuhifadhiwa. Pamoja na hayo, kila mgeni apewe mwenyeji mmoja wa Kidato cha Pili wa kumwonyesha maktaba, maabara na njia ya kumwona mnasihi.

Mwalimu wa Hisabati aweza kuligeuza zoezi hili kuwa somo la takwimu: hofu zilizotajwa zihesabiwe kwa makundi, zichorewe grafu ya nguzo, na grafu ibandikwe ukutani.

Maswali

1. Rudia jaribio la tarakimu kwa wanafunzi 10, mbele na kinyume, ukiongeza tarakimu moja kila mara. Andika idadi kubwa kabisa ambayo kila mmoja aliweza, kisha tafuta wastani wa kila upande.

2. Chukua maneno 12 mapya ya Biolojia. Nusu ya darasa iyakariri mara 6 kwa siku moja. Nusu nyingine mara 2 kwa siku kwa siku 3. Pima wote siku ya 7 tangu kila kundi lilipomaliza kukariri. Kwa nini siku zihesabiwe hivyo, na si tangu kuanza?

3. Katika utafiti wa Wisconsin wanafunzi waligawanywa kwa bahati nasibu. Je, matokeo yangeaminika kama walimu wangechagua wenyewe nani apewe zoezi?

4. Hesabu saa ulizolala kila usiku kwa wiki mbili, uzilinganishe na saa 8. Upungufu wa wiki mbili ni sawa na usiku mingapi mizima?